Mama wa Damu wa Kakuma na Chupa Moja Iliyobaki

Gizani, ndani ya sufuria tupu, saa ya mezani inalia na kutetemeka mpaka kifuniko cha sufuria kinacheza. Ni saa kumi na nusu alfajiri mjini Kakuma. Mkono unatoka chini ya shuka, unapapasa, unaizima.

"Bila sufuria siisikii," anasema Atiir Longor, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, huku akiiviringisha saa hiyo kwenye kitambaa kama mtu anayemfunika mtoto mchanga. "Mwili ukichoka, saa peke yake haitoshi. Sufuria ndiyo inaniita."

Saa hiyo haibaki nyumbani. Inaenda naye kazini, kwa sababu ndiyo chombo chake cha kazi.

Kwenye ngozi ya kulalia, binti yake Nakiru, wa miaka sita, anajigeuza bila kuamka. Upande wa pili wa chumba mama yake mzazi, Nawoi, yuko macho tayari. Jana jioni alikubali jambo alilokuwa amelikataa mara tatu, na asubuhi hii anaonekana kama mtu ambaye bado hajamaliza kufikiri.

"Mama, usinywe chai," Atiir anamwambia. "Wala tumbako usiguse. Nitarudi saa mbili."

"Hata maji?"

"Maji kunywa tu."

"Basi enda haraka, nisije nikabadilika."

Atiir anacheka, lakini anatoka haraka kweli. Saa nne gari linaondoka kwenda Lodwar pamoja na msafara wa askari, na hiyo ndiyo safari ya mwisho ya kazi iliyomla karibu miaka miwili. Utafiti wa afya ya wazee unahitaji damu ya watu mia moja na ishirini: wakimbizi sitini kutoka kambini na Waturkana sitini. Atiir anazo mia moja na kumi na tisa. Wafadhili wameshasema kwamba nusu ya Waturkana ikipungua hata mmoja, nusu yote haitahesabiwa.

Chupa inayokosekana ni ya mama yake.

Kambini Atiir anajulikana kwa jina moja tu: Mama wa Damu. Watoto humwita hivyo wakikimbia, wazee humwita hivyo wakilalamika. Leo anaanzia kwa mzee Madut Yak, mkimbizi kutoka Bor, ng'ambo ya mpaka, ambaye damu yake inapimwa kwa mara ya tatu ili kuona kama amepata nafuu. Mzee amekaa nje ya nyumba yake ya udongo, ameshanyoosha mkono kabla hajasalimiwa.

"Wewe mama ya damu," anasema, "leo tena? Kwetu ng'ombe iko na jina. Mimi umenipa namba."

"Mzee Madut, namba sitini na mbili," Atiir anajibu. Kila mtu humtaja kwa jina kwanza, namba baadaye. "Kunja ngumi."

"Damu hii yote ingekuwa ng'ombe, ningekuwa nimeshalipa mahari ya binti mmoja."

"Na meno hayo? Nani atakubali?"

Wanawake waliopanga foleni ya maji wanaangua kicheko. Mzee naye anacheka, na sindano inaingia akiwa bado anacheka. Hahisi kitu. Majirani wanasema hivyo ndivyo Atiir anavyofanya kazi: anakutania, na ukija kushtuka, pamba imeshawekwa.

Kinachofuata ndicho kipimo anachokipenda kuliko vyote. Anavuta damu kidogo kwenye bomba jembamba la kioo lenye mistari na namba, anajaza mpaka kwenye sifuri iliyo juu, kisha analisimamisha wima kwenye kishikizo cha mbao. Anategesha saa. Baada ya hapo hakuna anayegusa meza, na mbuzi akija anafukuzwa akiwa mbali.

Chembe nyekundu za damu huzama polepole na kuacha juu maji ya manjano. Baada ya saa moja unasoma zimeshuka milimita ngapi. Mwili ukiwa unapigana na kitu ndani kwa ndani, kifua, figo, kidonda kisichoonekana, damu huzama upesi. Mwili ukiwa umetulia, damu nayo hujivuta.

Umri nao huiharakisha kidogo, kwa hiyo kila mtu ana kiwango chake. Mwanamume, gawa miaka yake kwa mbili. Mwanamke, ongeza kumi kwanza, halafu ugawe. Ikivuka hapo, kuna jambo la kuuliza.

Damu inayobaki huingia kwenye sanduku la barafu na kwenda maabara mjini Lodwar. Huko hupimwa sukari, mafuta, himoglobini ile inayoipa damu wekundu wake, na taka ambazo figo zilipaswa kuchuja.

"Kitambulisho kinakuambia miaka," Atiir anasema, amechuchumaa kando ya meza. "Na hiyo miaka yenyewe iliandikwa na karani aliyekuangalia uso. Mimi nataka kujua hiyo miaka imemfanya mtu nini huko ndani. Kuna wa hamsini amechakaa, na kuna wa themanini anakupita njiani."

Saa inalia. Damu ya Madut imeshuka milimita thelathini na tatu. Mara ya kwanza alipopimwa, mwaka jana, ilishuka hamsini na nane na himoglobini ilikuwa chini sana. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, akaanza kupanda mboga kwa maji yanayomwagika bombani. Anaangalia bomba la kioo kwa muda mrefu.

"Hii ni sukuma wiki," anasema. "Kumbe majani inafanya kazi."

Atiir hakuanza maishani na sindano. Baba yake alipoteza mifugo yote katika njaa ya mwaka 1980, ile Waturkana wanayoiita Lopiar, na familia ikahamia kando ya mji wa Lodwar. Atiir alikuwa na miaka kumi na sita na hakuwa amekanyaga darasa hata siku moja. Alifagia zahanati, akaosha chupa za maabara, akawa anatazama.

Mwaka 1989 alijiandikisha kwenye masomo ya jioni ya watu wazima. Alikwenda na taa yake ya chemli, kwa sababu kila mwanafunzi alitakiwa kuja na mwanga wake. Mwaka uliofuata alifika darasani na mimba, na baadaye na Nakiru mgongoni.

"Mtoto akilia, mwalimu alikuwa ananiambia simama huku unasoma," anakumbuka. "Nimejifunza kujumlisha nikiwa nabembeleza."

Mumewe huendesha lori la mahindi na huonekana nyumbani labda siku mbili kwa mwezi. Utafiti ulipokuja mwaka 1995, Atiir alihamia Kakuma akachukuliwa kama msaidizi kwa mshahara wa shilingi 3,400. Kwa pesa hizo watu wanne wanakula, na Nakiru amenunuliwa sare ya shule.

Tatizo liliingia mwezi wa tatu mwaka huu, na liliingia likiwa limevaa nguo za furaha.

Nakiru alipata surua. Atiir aliomba ruhusa akakaa naye, na kazi ya kuchukua damu kwenye maboma ya mbali upande wa magharibi akapewa Ekai, mwanamume wa makamo aliyechanja mifugo kwa miaka mingi kabla ya kujiunga na utafiti. Mkono wake ni mwepesi na haogopi mshipa. Alirudi na damu za wazee kumi na mmoja kutoka boma la mzee Losike na majirani zake, pamoja na mabomba yake yaliyosomwa vizuri.

Zilikuwa namba za ajabu. Tatu. Nne. Mbili. Wazee wa miaka sabini na themanini, damu haitaki kuzama. Lodwar nako mafuta yalikuwa safi, figo safi, himoglobini juu.

Kiongozi wa utafiti, Dakta Lokuruka, alizunguka maabara na karatasi mkononi. Ni Mturkana, lakini alilelewa Kitale na kukulia bwenini, na wazee humtania kwamba anajua ng'ombe wa kuchorwa ubaoni. Alipiga simu Nairobi. Akaanza kuandika kwamba huenda kuna boma ambalo watu wake hawazeeki.

Atiir alikuwa akinakili namba hizo nyumbani jioni, Nakiru amelala mapajani akiwa na upele mwili mzima, alipomsomea mama yake kwa sauti. Nawoi aliuliza swali moja.

"Ekai ndiye alichagua?"

"Hachagui, Mama. Majina yako kwenye orodha."

Nawoi alicheka mpaka akashika mbavu. "Ekai amtoe damu dume mzee? Tangu lini?"

Hapo Atiir aliacha kuandika. Mtoto yeyote wa Kiturkana anajua namna ng'ombe anavyotolewa damu ya kunywa na maziwa. Shingo inafungwa kamba, mshale mfupi unapiga mshipa, kibuyu kinajaa, kidonda kinazibwa na mnyama anaachwa aende malishoni. Na mnyama huyo huchaguliwa. Awe na nguvu, awe na mafuta. Kumtoboa aliyezeeka au aliyekonda ni aibu kwa mwenye boma na ni ukatili kwa mnyama.

Kesho yake asubuhi alimkuta Ekai akinoa kisu.

"Shemeji, zile damu za kwa Losike ni za nani?"

"Za kwa Losike."

"Za Losike mwenyewe?"

"Losike amekonda namna ile, wewe ungemtoboa?" Ekai alishangaa kweli. "Nilichukua kwa kijana yake. Wote nilichukua kwa vijana. Wenyewe ndio walijitolea, kwa heshima ya baba zao. Na si ni damu moja? Kijana ametoka wapi?"

"Ekai, tulitaka ya wazee."

"Mngesema mnataka damu mbaya! Mimi nimetoa damu miaka thelathini, hakuna ng'ombe amenifia."

Ni rahisi kucheka sasa. Siku ile Atiir hakucheka. Waliojua ni yeye, mama yake, Ekai na watu wa boma. Namba zilikuwa zimeshafika Nairobi na zilimfurahisha kila mtu. Kazi yenyewe ilikuwa ya mkataba, na majina ya Ekai na ya Atiir yaliandikwa pamoja chini ya kila karatasi.

"Nilipanda gari kwenda Lodwar," anasimulia. "Nilikuwa najiambia, nyamaza, Atiir, una mtoto. Halafu nafikiria Losike. Tulimpa karatasi yenye muhuri inasema damu yake ni nzuri. Akiugua, akionyesha ile karatasi, si watamrudisha nyumbani?"

Alimkuta Dakta Lokuruka akipiga chapa.

"Dakta, zile kumi na moja si damu za wazee. Ni za vijana wao."

Dakta alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akauliza Ekai alipata wapi wazo kama hilo. Atiir akamweleza habari ya dume mzee.

"Na mimi ni Mturkana," Dakta alisema. "Hata hilo silijui."

Alitoa karatasi kwenye mashine ya chapa na kuikunja mara mbili. Sasa, akiulizwa kuhusu siku hiyo, anasema bila kuficha: "Nilikasirika. Nilikuwa nimeshajiona kwenye mkutano, watu wananipigia makofi. Jioni ndipo niliona kwamba huyu mama ameniokoa na aibu, na ameokoa kazi yote. Angenyamaza, nisingejua mpaka nife."

Wafadhili hawakupiga makofi. Walizuia fedha kwa miezi miwili na kutaka damu zile zichukuliwe upya. Atiir na Ekai walifanya kazi hiyo bila mshahara, kwa miguu, wakibeba mabomba ya kioo ndani ya mkebe uliojazwa mchanga ili yasivunjike. Nyumbani walikula mahindi ya kuchemsha asubuhi na mahindi ya kuchemsha jioni.

Mzee Losike ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikataa, akasema yeye si wa kutobolewa, vijana wapo. Ekai ndiye aliyepiga magoti.

"Baba, nilikosea," alimwambia. "Ng'ombe tunamtoa damu tule sisi. Wewe tunakutoa damu upone wewe."

Losike alinyoosha mkono. Damu ilizama milimita tisini na sita, na kiwango chake ni arobaini na moja. Ya kijana wake ilikuwa imeshuka tatu tu.

Hospitalini waligundua kifua kikuu kilichojificha kwenye mifupa ya mgongo. Leo anamaliza mwezi wa nne wa dawa, ameanza kukaa bila kuegemea, na kila anayepita anamsimulia habari ya karatasi ya kwanza iliyosema yeye ni kijana.

Namba za kweli hazikuwa za miujiza, lakini Atiir anazisoma kwa fahari kubwa zaidi. Katika matokeo ya mwanzo, wazee wengi wanaotembea na mifugo wana mafuta kidogo kwenye damu na sukari ya chini, na damu yao haina haraka. Wale waliohamia mjini, wanaokaa dukani na kunywa chai ya sukari nyingi, namba zao zimeanza kupanda. Na karibu wote, mjini, bomani na kambini, wamepungukiwa wekundu wa damu, na figo za wengi zinalalamikia maji haba.

"Hakuna boma la watu wasiozeeka," anasema. "Kuna watu wanaozeeka vizuri wakiwa na shida. Sasa fikiria wangekuwa na maji."

Katika wale kumi na mmoja, kumi walipatikana. Mmoja alikuwa amehamia na mifugo kuelekea mpaka wa Uganda na hakuonekana tena. Dakta Lokuruka aliruhusu mzee mwingine wa rika lake achukue nafasi, na aliye karibu, mwenye kitambulisho, ni Nawoi, miaka sabini na miwili. Nawoi alikataa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwenyewe si ndiye aliyefundisha kwamba mnyama mzee hatolewi damu?

Jana jioni alikubali, kwa masharti.

"Utanifanyia kama ng'ombe," alimwambia binti yake. "Ukishanitoboa, maji naletewa. Sibebi mtungi leo, sibebi kesho. Na tumbako mpya."

Kila siku ya maisha yake Nawoi amekwenda kisimani na kurudi na mtungi kichwani, hatua zisizohesabika. Dakta anaamini mtungi huo ni sehemu ya afya yake. Atiir hakumwambia hivyo. Aliahidi maji ya siku mbili na tumbako.

Saa mbili kamili amerudi. Nawoi amekaa mlangoni, mkono juu ya goti, macho mbali. Nakiru amepewa kazi ya kushika pamba na anaishika kwa mikono miwili kama yai.

"Mama, kunja ngumi."

"Nimekunja tangu alfajiri."

Mshipa unaonekana mara moja. Atiir, aliyechoma mamia ya mikono, anatua, anapumua, ndipo anachoma. Damu inapanda kwenye bomba jembamba mpaka kwenye sifuri. Analisimamisha mezani, anategesha saa na kuirudisha kwenye sufuria, mbali kidogo, isitikise meza.

Halafu anachukua mtungi na kwenda kisimani, kama alivyoahidi.

Nawoi anakunywa chai yake. Nakiru hatoki mezani. Amejifunza namba kwa mabomba haya kabla ya kuzikuta shuleni, na anajua kuhesabu vile vistari vidogo vilivyo katikati ya kumi na kumi. Kiwango cha nyanya yake ni arobaini na moja, na amekiandika kwa kidole kwenye vumbi.

Atiir anarudi na maji, anakaa, na sasa kwa mara ya kwanza asubuhi hii hana la kufanya. Anazungumza kuhusu Januari. Dakta Lokuruka amemwandikia barua, na utafiti ukikubaliwa atapata nafasi ya masomo ya maabara, miaka miwili, pamoja na cheti chenye jina lake mwenyewe. Anataka kurudi Kakuma baada ya hapo. Anataka kila mzee apimwe mara moja kwa mwaka, awe wa kambi au wa boma, na apewe karatasi inayosema kweli, hata kama si nzuri.

"Niwe nimewapima wote, halafu mama yangu nisijue?" anasema. "Nilikuwa naogopa. Ni mama yangu."

Barabarani dereva anapiga honi ya kwanza. Ekai ameshabeba sanduku la barafu na anasubiri uani, na leo hana mzaha.

Sufuria inalia. Hakuna anayesogea.

Daftari liko wazi, kalamu iko mkononi, lakini Atiir amegeuza uso upande wa ukuta. Anasema damu ya mama yake hawezi kuisoma mwenyewe, macho yake yatamwonea huruma. Lazima isomwe na mtu ambaye anaona tu kilichopo. Nawoi anaweka kikombe chini. Nakiru anapiga magoti mbele ya meza, mikono nyuma asije akagusa, na kidevu chake kinashuka taratibu, mstari baada ya mstari, mpaka pale wekundu unapoanza.

"Imefika kumi na tisa," anasema.